Meno manne tu: Jinsi gia inavyoamua nani apande na nani asukume kati ya Beni na Butembo

Butembo, Kivu Kaskazini. Ukitoka Beni kwenda Butembo kwa baiskeli, kilomita za mwanzo hazina neno. Ukishapita Kabasha na kuanza kupanda kuelekea Maboya, ndipo barabara inapokuuliza umekuja na nini.

Mimi nilikuja na baiskeli ya mbio. Nyepesi, matairi membamba, usukani uliopinda kama pembe za kondoo, niliyoinunua mkononi kwa mtu aliyeileta kutoka Kampala. Haikuwa na mzigo wowote. Na nilikuwa nimeshuka, naisukuma.

Kando yangu kijana mmoja alikuwa akisukuma kinga, ndivyo wengi wetu huku tunavyoiita baiskeli, iliyofungwa madumu manne ya mawese ya lita 20 kila moja. Alinitazama, akaitazama baiskeli yangu, akacheka.

"Yaya, na hiyo yako inabeba nini?"

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa na zaidi ya kilo 70 za mafuta, mimi chupa moja ya maji. Ila nilipokuja kuchunguza, niligundua kwamba sote wawili tulishushwa na kitu kilekile: idadi ya meno kwenye vyuma viwili vinavyobeba cheni.

Barabara hii ina kilomita 54. Beni iko chini, kwenye joto, jirani na msitu. Butembo iko juu kwa mita mia tano na zaidi, kwenye baridi na ukungu wa asubuhi. Tofauti hiyo ndiyo inayoendesha biashara. Viazi, kabichi na vitunguu vya majani kutoka nyanda za Lubero huteremka. Mawese, ndizi na kakao hupanda. Malori na pikipiki hubeba sehemu kubwa, lakini kinga haijaondoka barabarani, kwa sababu haili mafuta na hubeba hata mzigo mdogo ambao mwenye lori hatausimamia.

Kwa msafiri wa njia hii, saa nazo zina uzito wake. Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, mashambulizi ya waasi wa ADF yameua watu wengi katika eneo la Beni, na hakuna anayetaka kukutwa na giza kati ya kijiji na kijiji. Anayekanyaga hufika mapema kuliko anayesukuma. Kwa hiyo suala la gia, ambalo kwa mtu wa mjini linaweza kuonekana la wapenda michezo, huku ni suala la kufika.

Chuma cha tambarare kwenye nchi ya vilima

Baiskeli inayobeba mizigo Kivu Kaskazini ni ileile unayoiona kuanzia Kigoma hadi Kisumu: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, keria nzito nyuma, gia moja. Baba zetu waliijua kama Raleigh ya Nottingham. Baadaye zikaja Phoenix ya Shanghai na Hero ya Ludhiana, kule Punjab. Miji hiyo, hasa miwili ya mwisho, iko kwenye nchi tambarare, na baiskeli zake nyingi hutoka kiwandani na gia inayofaa tambarare: meno 44 mbele na 18 nyuma, au 48 mbele na 20 nyuma.

Chuma kikubwa cha mbele, kinachozungushwa na pedali, mafundi wa huku hukiita plato. Kidogo cha nyuma ni pinyo. Yote mawili ni maneno ya Kifaransa yaliyokaa hapa muda mrefu hadi yamepata uraia.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma: 44 kwa 18 ni 2.44. Maana yake, miguu ikizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka karibu mara mbili na nusu. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husogea kama mita 2.2. Kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 5.4 mbele. Kwenye lami iliyonyooka ni raha tupu. Kwenye mlima, ni kama kumwambia mtu apande ngazi tatu tatu akiwa na gunia kichwani.

Sasa toa pinyo ya meno 18, weka ya 22. Meno manne tu. 44 kwa 22 ni 2 kamili, na kila mzunguko unakupeleka mita 4.4. Umepoteza mita moja kwa kila mzunguko, lakini nguvu inayohitajika kukandamiza pedali imepungua karibu kwa sehemu moja ya tano. Mlima ni uleule na kazi ya kuupanda ni ileile. Umeikata tu vipande vidogo ambavyo goti linaweza kuvimeza.

Kisichoeleweka kwa urahisi ni kwa nini watu hununua kinga, hubadilisha matairi, huimarisha keria kwa nondo, hata hupaka rangi upya, lakini huiacha pinyo ya kiwandani miaka kumi. Vifaa vipo. Vingi huingia kwa njia ya Uganda, kupitia Kasindi, na kwenye maduka ya vipuri Butembo pinyo hutundikwa kwenye waya kama bangili. Ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa kwenye baiskeli nzima.

"Unaendesha kitu usichojua meno yake?"

Siku chache baada ya kuchekwa nilimpelekea baiskeli yangu fundi mmoja mzee mjini Butembo, mtu wa maneno machache, ambaye karakana yake ni kibanda cha mabati, jiliwa moja na ndoo ya mafuta machafu.

"Papa, mlima unanishinda," nikamwambia.

"Nyuma meno mangapi?"

"Sijui, papa."

"Unaendesha kitu usichojua meno yake, mwanangu?"

Akachukua kipande cha chaki, akaweka alama kwenye jino moja la plato, akahesabu kwa kidole hadi alama iliporudi. Plato zilikuwa mbili: meno 52 na meno 42. Nyuma zilikuwa pinyo sita, ndogo kabisa meno 13, kubwa kabisa 23. Akaandika tarakimu hizo ukutani, karibu na nyingine nyingi ambazo nadhani zilikuwa za wateja waliotangulia.

Hapo nikaelewa kwa nini nilishuka. Kwenye gia yangu nyepesi kuliko zote, 42 mbele na 23 nyuma, kila mzunguko wa pedali ulikuwa unanipeleka mita 3.8. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, ambayo si kasi kubwa, unakwenda karibu kilomita 14 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mwanamichezo mwenye mazoezi kwenye mlima mkali. Mimi ni mwandishi wa habari. Ningeweza kwenda nusu ya hapo, na kwa nusu ya hapo miguu huzunguka polepole mno, mwili mzima unaegemea goti moja kisha jingine, na goti halina mdomo wa kulalamika hadi kesho yake asubuhi.

Nilikuwa na wazo langu: tupunguze mbele. Nimesoma kwamba baiskeli za mbio za kisasa huwa na plato ndogo ya meno 34. Fundi akanionyesha matundu matano ya skrubu yanayoishika plato kwenye krenki. Mduara wa matundu hayo ndio mpaka. Kwenye krenki kama yangu huwezi kufunga plato yenye meno chini ya 38, kwa sababu skrubu zenyewe zingeangukia pale cheni inapopita. Kutaka 34 ni kutaka krenki nyingine.

"Nyuma ni rahisi," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na friwili ya zamani, kile kikombe chenye pinyo zote ambacho hulia tik-tik-tik unapoacha kukanyaga. Ilitoka kwenye baiskeli ya milimani iliyokwisha fremu. Pinyo sita, kuanzia meno 14 hadi 28. Ukubwa wa nyuzi za skrubu ulikuwa mmoja na wa gurudumu langu.

Kazi ngumu ilikuwa kuitoa ile ya zamani, na hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Friwili hufungwa kwenye gurudumu kama kifuniko cha chupa, kwa kuelekea kulia, na kila unapokanyaga pedali unaikaza zaidi. Miaka ya kupanda vilima huifanya ishike kana kwamba imechomelewa. Wasio na kifaa huigonga kwa tindo na nyundo, na mara nyingi huivunja. Fundi wangu alikuwa na kipande cha chuma chenye meno yanayoingia sawasawa kwenye mifereji ya friwili. Alikikaza kwenye jiliwa, akalilaza gurudumu juu yake, kisha akalishika kwa mikono miwili kama usukani wa lori na kulizungusha kuelekea kushoto. Ukubwa wa gurudumu lenyewe ndio ukawa mkono wa spana. Kitu kikalia "ta!", nikadhani spoku imekatika. Ilikuwa friwili imeachia.

Kabla ya kufunga nyingine alipaka grisi kwenye nyuzi, ili mtu atakayeifungua miaka ijayo asimlaani. Hilo ni la bure, na mafundi wengi hawalifanyi.

Kisha cheni. Pinyo ikikua, cheni ya zamani huwa fupi. Kwa meno manne au matano zaidi unahitaji kuiongeza vipande viwili hivi. Lakini swali la kwanza ni kama cheni yenyewe bado ni nzima. Alichukua rula ya shule akapima vipande 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Cheni mpya hutoa sentimita 30 na nusu. Ikifika 30.6 inatakiwa kubadilishwa, ikifika 30.8, hata pinyo ulizokuwa nazo zimekwisha liwa, na ukifunga cheni mpya kwenye pinyo hizo itaruka meno mara tu utakaposimama juu ya pedali, yaani pale pale mlimani, ukiwa na uzito wote mguu mmoja. Yangu ilitoa 30.7. Ikaenda kwenye ndoo.

Mwisho ulikuwa mkono wa gia, ule unaohamisha cheni kutoka pinyo moja hadi nyingine. Wa baiskeli yangu ulitengenezwa kwa pinyo ndogo, na kwenye ile ya meno 28 kigurudumu chake cha juu kilikuwa kinasugua. Nyuma yake kuna skrubu ndogo ambayo watu wengi hawaijui. Aliikaza taratibu, mkono ukarudi nyuma, kelele ikaisha. Alinionya nisiweke plato kubwa pamoja na pinyo kubwa kwa wakati mmoja, maana cheni itanyooka kama kamba ya mbuzi aliyefika mwisho, na kitu kitavunjika.

Alichonitoza hakikufika nusu ya nilichokuwa nimetumia kununua dawa ya kuchua goti.

Pinyo kubwa ni ya wazee?

Nilimuuliza kwa nini wabebaji hawaji kubadilisha. Akasema huja, ila si wengi, na vijana ndio wabishi zaidi. Kijana huona pinyo kubwa kama fimbo ya kutembelea. Anataka ile inayokimbia wakati wa kuteremka kuelekea Beni, wenzake wakimwona.

Ubishi huo una historia ndefu, na si ya Kinande. Mashindano ya Tour de France yalianza mwaka 1903, lakini waendeshaji wake hawakuruhusiwa kutumia mkono wa kuhamisha cheni hadi mwaka 1937. Mwanzilishi wake, Henri Desgrange, aliwahi kuandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliopita miaka 45. Kwa miaka hiyo yote, mwendeshaji alipofika chini ya mlima alishuka, akafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza, kwa sababu upande mmoja lilikuwa na pinyo ndogo ya tambarare na upande wa pili kubwa ya mlimani. Akifika kileleni, alishuka tena na kuligeuza. Mwaka ruhusa ilipotoka, Roger Lapébie alishinda akitumia kifaa hicho, na mjadala ukafa.

Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Niliyatazama kwenye simu, mtandao ukikatika na kurudi. Wanaume walikimbia kilomita 267.5 zenye zaidi ya mita 5,000 za kupanda. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na ni waendeshaji 30 tu waliomaliza. Hao ndio wenye miguu kuliko watu wote duniani, na baiskeli za ngazi yao siku hizi huwa na pinyo 12 nyuma, kubwa kabisa mara nyingi ikiwa na meno 30 au zaidi. Kijana wa Butembo mwenye ndizi kwenye keria anaona aibu kufunga ya 22.

Hata hivyo kuna jambo ambalo fundi hakutaka nilifiche, nami silifichi. Kuna uzito ambao hakuna pinyo itakayoupandisha. Mwenye madumu manne ya mawese, ukijumlisha kinga na mwili wake, anasukuma zaidi ya kilo 150. Hata gia ikiwa nyepesi vipi, baiskeli yenye mzigo ikienda polepole kama mtu anayetembea huyumba na kuanguka, na mafuta yakimwagika hayaokotwi. Huyo atashuka, na ndiyo busara. Faida ya meno manne iko kwa mwenye dumu moja au mawili, mwenye mkungu wa ndizi, mama anayerudi sokoni na kapu, mwanafunzi, na kwa huyohuyo wa madumu manne kwenye vile vilima vifupi ambavyo sasa anashuka kwa mazoea tu. Wenye chukudu za mbao, wanaojulikana zaidi upande wa Goma, hawana hata mjadala huu: hakuna pedali, kwenye kushuka unapanda, kwenye kupanda unasukuma.

Njia yenyewe nayo inabadili hesabu. Kwenye vumbi laini au tope, tairi huzama na mwinuko mdogo hugeuka mkubwa. Gia iliyotosha kiangazi haitoshi masika. Mwaka 2021 Congo na Uganda zilikubaliana kujenga kilomita 223 za barabara, zikiwamo 80 za Kasindi hadi Beni na hizi 54 za Beni hadi Butembo. Lami haipunguzi urefu wa mlima, lakini mtu aliyehitaji pinyo ya 22 kwenye tope anaweza kuridhika na 20 kwenye lami.

Wenye pikipiki walishaelewa haya zamani. Wanaobeba abiria watatu na gunia hubadilisha pinyo ya mbele au ile kubwa ya nyuma bila kuona haya. Kwao hesabu ni kinyume: mbele ndiko kudogo. Ikiwa mbele una meno 14 na nyuma 42, kutoa jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Pikipiki hupanda kwa nguvu zaidi, ila kwenye tambarare injini huzunguka zaidi kwa mwendo uleule na hunywa mafuta zaidi, kwa hiyo anayefanya kazi mjini Beni hana sababu ya kumwiga wa Butembo.

Kurudi Maboya

Wiki iliyofuata niliteremka tena hadi Beni, nikalala, na alfajiri nikageuza baiskeli. Sasa nilikuwa na 42 mbele na 28 nyuma: mita 3.15 kwa kila mzunguko, badala ya 3.8. Ukiniambia tofauti ya hatua moja ya mtoto inaweza kubadilisha safari nzima, kabla ya siku hiyo ningekukatalia.

Sikupanda kama bingwa. Baada ya Kabasha nilikuwa kwenye gia ya mwisho muda mwingi, napumua kama mfua chuma, na pikipiki moja ilinipita ikiwa na kitanda kizima mgongoni. Kona moja kabla ya Maboya nilisimama kunywa maji, na sina hakika kama yalikuwa maji nilichokuwa nahitaji. Lakini sikusukuma hata mita kumi, na nilifika Maboya jua likiwa bado la asubuhi.

Wabebaji watatu walikuwa wamepumzika kando ya njia, kinga zao zimeegemezwa kwenye magongo. Mmoja, mwenye mkungu wa ndizi na kuku wawili, alikuja kuitazama gia ya nyuma. Akauliza ni ya meno mangapi ile kubwa. Nikamwambia ahesabu mwenyewe.

Akahesabu kwa kidole, akapata 27. Nikatoa kipande cha chaki mfukoni, nikampa. Akaweka alama kwenye jino la kwanza, akaanza upya taratibu, wenzake wakihesabu naye kwa sauti. Ishirini na nane. Halafu akaenda kwenye kinga yake, akachuchumaa, akaweka alama nyingine.